Friji Inayogonga Nyumbani kwa Fundi

"Humwezi huyo," dada yangu aliniambia. Tulikuwa sebuleni kwake Kihesa, na majirani wawili walikuwepo, kwa hiyo niliambiwa mbele za watu kwamba simwezi binti yangu. "Utakaa naye mwezi mmoja, halafu utapiga simu nije kumchukua."

Jirani mwenye mashine ya kusaga, ambaye kibanda cha mashine yake kimegusana na ukuta wa dada, alinitazama kwa huruma. "Mwanaume peke yako, na binti wa namna hii? Hapana, mzee. Ungeoa kwanza."

Jirani wa pili, mama wa duka la kona, Mwislamu wa ukoo wa Kihindi uliouza sukari na mafuta ya taa Iringa tangu enzi za babu yake, alimaliza chai yake ndipo akasema, "Atakutoroka, kaka. Kihesa anajua kila kichochoro. Mbeya hajui hata kimoja."

"Mmemaliza?" niliwauliza.

"Tumemaliza," dada akasema. "Kunywa chai."

Naomba nieleweke. Mimi si mtu wa kuambiwa hawezi. Niliondoka Iringa na begi la mgongoni na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikumfurahisha mtu. Walisema nikifika Botswana nitaishia kufagia barabara. Nilifagia, ndiyo, lakini jioni nilikuwa darasani, na nilirudi na stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Iko ukutani mwa sebule yangu Uyole, Mbeya, ndani ya kioo, na anayeingia lazima aione. Vyumba vya baridi vya maparachichi vikigoma, naitwa mimi. Mabucha ya Chunya, ambako vumbi huua mashine kabla ya siku zake, yananiita mimi. Nimeitwa hadi Mgololo, kwenye kantini ya wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, baada ya mafundi wengine kushindwa na kukusanya vifaa vyao kimyakimya. Mtu wa namna hiyo aambiwe hawezi kukaa na mtoto wake wa kumzaa?

Mama wa binti na mimi tuliachana mapema, akaolewa kwingine. Binti akalelewa na dada miaka yote niliyokuwa nje. Niliporudi nilimkuta msichana mrefu wa miaka kumi na minne, asiyemtazama mtu machoni, anayeanza kuosha vyombo na kuacha bomba likitiririka kwa sababu amekumbuka jambo jingine chumbani, na anayeweza kukutajia mito yote inayoingia Ruaha Mkuu bila kuvuta pumzi. Hasalimii. Na kwetu Wahehe salamu ni nusu ya utu. Mtoto asiyesema kamwene huonekana hakulelewa. Watu walimwita mjeuri. Dada alimwita "huyu wangu".

Huyu wangu. Kila alipolisema hilo nilikuwa kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki mbele ya wageni, anayetabasamu na kuendelea kula.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali kubwa kwa wataalamu, hilo hata dada halikatai. Lakini naye alikuja, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaketi katikati yetu. Daktari alifungua faili akaanza kuuliza.

"Alianza kusema akiwa na umri gani?"

Dada akajibu, "Miaka minne kasoro. Neno lake la kwanza lilikuwa 'fungua'."

"Chakula?"

"Wali mkavu. Maharage pembeni, visigusane. Vikigusana, sahani nzima imekwisha."

"Akizidiwa hufanyaje?"

"Huziba masikio, hutembea kuzunguka nyumba. Mwache azunguke. Ukimshika, umeharibu."

Daktari aliandika yote. Alimwita dada "mama", na dada hakumsahihisha. Mwishoni alinigeukia kwa adabu. "Baba, una la kuongeza?"

"Nimemnunulia tableti," nilisema.

Jibu lilipatikana baada ya kurudi mara kadhaa. Daktari alisema ni usonji, na pamoja nao ile hali ya akili kurukaruka na mwili kushindwa kutulia, ambayo wataalamu huiita ADHD. Alisema ubongo wake hupokea sauti, mwanga na miguso kwa nguvu kuliko wetu, na papo hapo hukimbia kutoka jambo hili hadi lile. Si ujeuri, na hakuna aliyemroga. Hakuna dawa ya kuuondoa usonji. Kuna namna ya kuishi nao. Akatuagiza tumpe ratiba isiyobadilikabadilika, na tumtafutie mahali patulivu pa kupumzika.

Tukiwa kwenye ngazi za hospitali binti akaniuliza, "Kwa hiyo si tabia mbaya?"

"Si tabia mbaya."

"Basi waambie Kihesa."

Niliwaambia Kihesa, nyumba kwa nyumba, nikiwa nimevaa koti. Dada alinisikiliza akikaanga vitunguu. "Kumbe ina jina," alisema. "Mimi nilijua tu ndivyo alivyo." Hata siku ile, siku yangu, aliitwaa yeye.

Ndipo nikasema binti atahamia Mbeya, na ndipo nikaambiwa simwezi.

Daktari alisema mahali patulivu. Nani Nyanda za Juu hizi anajua kujenga mahali patulivu kunishinda mimi? Kulikuwa na chumba cha baridi cha maparachichi kilichokuwa kinabomolewa. Nilinunua paneli zake, zile nene zenye povu gumu katikati, nikazifunga kuta zote za chumba cha binti, na dari. Niliweka tundu la hewa na feni ambayo huisikii hata ukiibusu. Mlango niliuzungushia mpira. Nyumba yangu iko karibu na barabara kuu ya kwenda Zambia, malori hayakomi. Lakini ukiufunga mlango ule, lori linageuka uvumi. Nilipiga video nikamtumia dada. "Mwonyeshe na jirani yako wa mashine," nilimwandikia.

Binti aliingia, akasimama katikati, akatoka.

"Asante, baba," akasema, jinsi alivyofundishwa kusema anapopewa kitu. Kulala alilala mlango ukiwa wazi, lakini mchana hakukaa humo tena.

Mengine niliyaweza, na nayasema bila kuona haya. Nilikata lebo zote kwenye masweta yake ya shule. Begi la madaftari nililitundika kwenye komeo la mlango wa mbele, ili asiweze kutoka bila kuligusa. Kazi za nyumbani nilimpa moja, ikiisha nyingine, kwa sababu ukimpa mbili hazifanyiki zote. Shuleni mwalimu wake wa darasa alinieleza kwamba binti husimama katikati ya somo na kutembea.

"Mzazi, wanafunzi ni wengi hapa. Kila mmoja akitembea itakuwaje?"

"Kila mmoja hatembei, mwalimu. Anatembea mmoja."

Tuliongea sana. Nilipoondoka tulikuwa tumekubaliana akae nyuma karibu na mlango, atoke akizidiwa na arudi mwenyewe. Na friji ya jiko la shule, kwa mkono wangu, ilikuwa inapoza tena. Mwezi ukapita, na mwingine, na dada hakuitwa.

Lakini kila jioni, akishavua sare, binti alimpigia dada simu. Aliweka spika, akailaza simu juu ya mto, akalala kando yake macho wazi. Mimi, mwenye nyumba, mwenye stashahada, nilikuwa napita koridoni na bisibisi mkononi nikijifanya natafuta kitu.

Ukiacha mngurumo niliodhani ni wa mtandao mbaya, sikuwasikia wakiongea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilijiambia: waliozoeana kweli hawana haja ya maneno. Mimi nilikuwa nampikia, namfulia, nampeleka na kumrudisha shule, napewa "ndiyo" na "hapana". Dada, aliye mbali, anapewa jioni nzima. Nilianza kumchukia hata sauti yake ya kusema "haloo". Nikiona binti anachukua simu nilikuwa namtafutia kazi: kalete maji, kafunge geti. Alizifanya, akarudi kwenye simu.

Siku moja nilishindwa, nikampigia dada mwenyewe.

"Dada, unamwambia nini mwanangu?"

"Namwambia nini wapi?"

"Kwenye simu. Kila siku."

"Simwambii kitu. Ananipigia, anasema, 'Shangazi, weka simu dirishani.' Naweka, naenda kuchambua mboga zangu. Nikirudi amekata. Hata salamu sipewi."

"Na hukumuuliza ni kwa nini?"

"Nimuulize nini? Amesema dirishani, nimeweka dirishani. Wewe, mdogo wangu, umeanza kuwa na wivu kama mke mkubwa aliyeletewa mwenzake."

Sikumwamini. Kesho yake nikamfuata binti karakanani kwangu. Alikuwa ameketi juu ya kreti la soda kati ya mafriji ya wateja, akichora mto vumbini kwa kidole.

"Unaongea nini na shangazi?"

"Siongei."

"Basi unamsikiliza."

"Hapana. Shangazi yuko jikoni. Nasikiliza mashine."

"Mashine gani?"

"Ya kusaga." Alinitazama shavuni, ambako hunitazama akiona nimechelewa kuelewa. "Jioni watu wanaleta mahindi mengi. Inasema kitu kimoja tu, haibadiliki."

"Na chumba nilichokujengea?"

"Kina kelele."

"Kelele? Mle ndani hata lori halisikiki!"

"Ndiyo. Kwa hiyo najisikia mimi. Tumbo. Damu masikioni. Halafu nasubiri sauti ije, haiji, naogopa."

Nimewahi kuwaonea wivu watu wengi: wenye magari mapya, waliosoma kwa pesa za baba zao, fundi mmoja wa Mwanjelwa ambaye hajui hata kusoma geji ya gesi vizuri lakini ana wateja. Siku ile niligundua kwamba kwa miezi kadhaa nilikuwa naionea wivu mashine ya kusaga, tena mota ya zamani, yenye mkanda uliokatika ukaungwa.

Wivu haukuisha, ulihama tu. Kama ni mashine, basi mimi ndiye mtu wa mashine katika ukoo huu. Nilimwomba jirani wa Kihesa airekodi sauti ya mota yake akanitumia, nikaiweka kwenye spika nzuri. Binti alisikiliza kidogo. "Inarudi mwanzo pale," akasema, na baada ya hapo hakusikia kingine isipokuwa pale inaporudi mwanzo. Nikaizima. Nikaanza kuwasha mafriji ya karakana, moja baada ya jingine, naye akisimama mbele ya kila moja mikono nyuma kama mkaguzi.

"Hii inapiga filimbi."

"Na hii?"

"Inalia."

"Hii je? Hii ni mpya kabisa."

"Inanyamaza halafu inashtuka. Sitaki."

Alipita mafriji yangu yote mazuri, yale ninayowaonyesha watu, akasimama mbele ya jokofu lililotoka bucha moja la Chunya, ambalo mwenyewe aliliacha kwangu akanunua jingine. Limeliwa na kutu kando. Mipira inayoshika kompresa imekwisha, kwa hiyo kompresa inagonga chuma: du, du, du, du, bila kukoma. Aliweka kiganja juu yake. Mabega yake yakashuka.

"Hii."

"Hii ni mbovu, mwanangu. Nipe hadi kesho, nitabadilisha mipira, itakuwa kimya."

"Ukiitengeneza itakuwa nyingine."

Hapo nilielewa ninachoombwa. Niliombwa niliweke ndani ya nyumba ya fundi wa majokofu jokofu linalogonga, na nisilitengeneze.

Nililiweka. Waya wa kuingia ardhini niliufunga mwenyewe, themostati, kile kifaa kinachoizima mashine baridi ikitosha, nikaiondoa ili kompresa isikate, na betri za akiba nikaziunganisha kwa siku ambazo umeme hukatika. Ubovu wa jokofu ulibaki uleule, lakini kila kilicholizunguka kilikuwa kazi ya mwenye stashahada. Likakaa sebuleni, mahali pekee penye nafasi, chini ya kile kioo chenye stashahada yangu. Binti akahamishia godoro lake hapo, na chumba cha paneli nikaweka viazi, na havijawahi kuharibika.

Sebuleni mle ndimo ninamopokelea wateja wakubwa. Mmoja alikuja, mwenye hoteli, anataka mtu wa kumtunzia mashine zake zote. Aliisoma stashahada, akaisifu. Kisha akainamisha kichwa.

"Fundi, hiyo inayogonga ni friji?"

"Ndiyo."

"Ya mteja?"

"Yangu."

Alicheka kwa heshima. "Ndiyo maana wanasema kinyozi hajinyoi." Akanywa soda yake, akaniaga vizuri, na kazi akampa yule fundi wa Mwanjelwa. Nilimwona fundi huyo wiki ile akipita na pikipiki mpya, kifua mbele. Sikumpungia.

Nilirudi nyumbani na bisibisi na mipira mipya mfukoni. Kazi ya muda mfupi. Ningeifanya hata macho yakiwa yamefungwa. Binti alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye jokofu, daftari la hisabati magotini. Nilisimama mlangoni nikingoja anyanyuke, kwa sababu huwa ananyanyuka: swali moja, anakwenda dirishani, swali jingine, anakwenda kunywa maji ambayo hayanywi. Hakunyanyuka. Alifika chini ya ukurasa, akageuza, akaendelea. Sikuwa nimewahi kumwona akigeuza ukurasa wa hisabati.

Niliirudisha mipira karakana. Mwenye hoteli na abaki na fundi wake.

Simu za kwenda Kihesa zikapungua, kisha zikakoma. Nilingoja. Nilijua simu ya dada itakuja, na ilipokuja niliiacha iite kidogo kabla ya kupokea.

"Mbona hapigi?" dada aliuliza.

"Nani?"

"Usinifanye mjinga."

"Labda ana kazi nyingi za shule," nilisema kwa sauti tamu kuliko kawaida yangu. "Siku hizi anatulia sana hapa."

"Mimi dirisha naliacha wazi," akasema. "Basi tu, mazoea." Akakata bila kuaga.

Ilinipasa nimwonee huruma, na kesho yake nilimwonea. Jioni ile nilikula kuku mzima.

Likizo ya Desemba ilipofika nilipakia vifaa kwenye pikapu, nikampakia binti, tukaelekea Iringa kulipa madeni. Pesa sijawahi kukopa kwa mtu wa Kihesa. Lakini watu wale walikuwa wamenikopesha vitu ambavyo vilinikera kila nilipovikumbuka. Jirani wa mashine alimwacha binti akae juu ya magunia bila kumfukuza. Mama wa duka alimfungulia mlango wa nyuma anunue bila kubanwa na foleni. Sikutaka mtu yeyote abaki na kitu cha mwanangu ambacho mimi sijakilipa. Njia nzima binti alinitajia mito tuliyovuka, Chimala, Kimani, Mbarali pale Igawa, na kunieleza kwamba maji yote hayo yataonana Mtera. Nilimwambia najua. Sikuwa najua.

Kwa jirani nilitaka kufunga mota mpya kabisa. Binti akaja kusimama mlangoni mwa kibanda. "Mota usiguse." Kwa hiyo nilibadilisha nyaya zote na taa, na swichi ya usalama, na jirani akasema kibanda sasa kinafanana na benki.

Friji ya soda ya mama wa duka niliijaza gesi na kuibadilishia feni. Alijaribu soda moja kwa mkono, akatabasamu.

"Kaka, tulisema hutaweza."

"Mlisema."

"Tulikosea kidogo."

"Kidogo?"

"Hajatoroka, sawa. Lakini kuoa bado hujaoa."

Mwisho nikashusha friji mpya mlangoni kwa dada, bado katika boksi lake. Dada alitoka na mikono yenye unga, akalizunguka boksi.

"Hii ya nini? Mimi nakula mboga za siku."

"Ni malipo yako."

"Malipo?" Sauti ilipanda. "Nimekuuzia mtoto?"

"Dada, kila mtu nimemlipa. Umebaki wewe. Sema unachotaka."

Alifuta mikono kwenye kanga. Hakunitazama mimi, alitazama ukuta wa pembeni, ambako binti alikuwa ameshaketi, kisogo amekiegemeza kwenye matofali, upande wa pili mahindi yakisagwa.

"Likizo," akasema. "Zote, hadi amalize shule. Na usinipigie kila siku kuniuliza amekula nini."

Zote! Ningeweza kumpa friji ya pili. Ningeweza kumpakia dari rangi. Nilimwita binti, nikitumaini, nasema kweli, kwamba atakataa.

"Unataka kukaa hapa likizo hii?"

"Ndiyo," akajibu, haraka kuliko nilivyopenda.

"Haya," nikamwambia dada. "Nimelipa."

Nikalishusha begi la binti. Majirani walikuwa wamesogea, mama wa duka na soda mkononi, jirani wa mashine na unga kwenye nyusi, na dada akawaambia kwa furaha, akimgusa binti sweta tu, jinsi anavyojua kumgusa, "Mnaona? Huyu wangu amerudi."

"Hapana, shangazi," binti akasema. "Nimekuja likizo. Baba atakuja kunichukua."

Mkono wa dada ulibaki hewani. Niliufahamu uso ule. Niliuvaa mimi sebuleni kwake kila aliposema "huyu wangu". Nilikuwa na maneno mengi mazuri ya kusema. Nilimuaga kwa heshima kama dada yangu mkubwa, nikaingia garini, nikafunga mlango polepole ili nisionekane ninafurahi.